Kabla Hujanunua Difu Kubwa ya WRX Yako

Turbo ikishaongezewa presha na kompyuta ya injini ikaandikwa upya, swali linalofuata huwa ni lile lile: difu ya nyuma, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, itahimili? Nimeishi na Subaru Impreza WRX ya kizazi cha GDA (msimbo wa Subaru wa modeli hiyo) hapa Nairobi kwa miaka mingi, na leo nyuma yake kuna difu kubwa iitwayo R180. Wenzangu wakiniuliza, huwajibu kwamba ukubwa wa difu ni jambo la pili. La kwanza ni uwiano wa meno, yaani propela shafti huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Ukikosea uwiano, difu kubwa itakuharibia gari upesi kuliko ile ndogo uliyokuwa ukiiogopa.

WRX nyingi zilitoka kiwandani na difu ndogo, R160. STI za gia sita (ndugu wa WRX wenye nguvu zaidi), tangu kizazi cha GDB, rika la GDA, zina R180. Namba hizo ni kipenyo cha gia ya krauni, ile gia kubwa ndani ya difu, kwa milimita, na milimita 20 za ziada zinamaanisha meno mapana na beringi kubwa zaidi. Ukoo huu una historia ndefu: Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, liliuzwa barabarani likiwa na R180. Hadi leo wapenzi wa 240Z hununua difu za STI na kuzifunga chini ya magari yao.

Sasa huo uwiano. Kwenye Subaru ya gia tano, nguvu ya kwenda nyuma hupitia jozi ya gia ndani ya gia boksi. Baadhi ya magari jozi hiyo ina uwiano wa moja kwa moja (1:1), mengine ni 1.1. WRX za soko la Marekani za 2002 hadi 2005 zina 3.90 mbele na 3.54 nyuma. Zidisha 3.54 kwa 1.1 utapata 3.90, kwa hiyo mbele na nyuma vinakwenda sawa. Chukua gari hilo ulifungie difu ya STI yenye 3.90: nyuma sasa inadai 4.29 huku mbele ikibaki 3.90. Hiyo ni tofauti ya asilimia kumi, na inavutana kila mita unayokwenda kwenye lami. Kinachoumia ni difu ya kati, ile ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma yenye viskasi (kiungo cha mafuta mazito), ambayo huchemka hadi ikafa. Dalili utazisikia mapema: gari linakuwa zito kama limeshikwa breki, na ukikata kona kali magurudumu yanarukaruka. Ndiyo maana mwenye duka la spea akikwambia "inaingia tu, ni Subaru," usimlipe bado. Kuingia itaingia.

Pima mwenyewe, haihitaji kompyuta. Inua nyuma ya gari kwa jeki, weka stendi imara, zuia magurudumu ya mbele, gia iwe huru, breki ya mkono iwe chini. Tia alama ya chaki kwenye propela shafti. Kama difu ni ya kawaida, mtu mmoja ashike gurudumu moja lisisogee, nawe uzungushe la pili mizunguko miwili kamili huku ukihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara tatu na nusu hivi, una 3.54, ikikaribia nne, kasoro kidogo tu, una 3.90, ikifika nne na nusu kasoro kidogo, ni 4.44. Difu iliyo juu ya meza dukani hupimwa kwa namna hiyo hiyo kwa kuzungusha flenji. Ile yenye LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake) pande zote mbili huzunguka pamoja, basi mzunguko mmoja unatosha.

Gari langu lilikuwa la aina ya 1.1, kwa hiyo nilisubiri R180 ya 3.54. Zipo, ila ni adimu. Njia nyingine ni kufungua gia boksi na kubadilisha ile jozi ya gia ya kupeleka nguvu nyuma iwe 1:1, kazi ambayo ningeifanya tu kama gia boksi ingekuwa inafunguliwa kwa sababu nyingine. Hesabu pia shafti za magurudumu, kwa sababu za R160 haziingii kwenye R180. Na angalia habu: STI za mwaka wa modeli 2005 kuendelea zina boliti za 5x114.3 (boliti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), wakati WRX za kizazi hicho ni 5x100.

Kabla ya gharama yote hiyo, hakikisha difu yako ndiyo mgonjwa. Mlio wa "tong" unapoachia klachi mara nyingi ni raba za kushikilia difu zilizochoka, na barabara zetu zenye matuta huzimaliza haraka. Raba mpya ngumu zinaweza kukupa miaka mingine na R160 yako. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, huo ndio wa krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) au beringi. Tena, kwenye gari la gia tano lenye nguvu nyingi, gia boksi mara nyingi huvunjika kabla ya difu. Ukiimarisha nyuma halafu uendelee kuachia klachi ghafla kwenye lami kavu, umehamisha tu mahali pa kuvunjika.

Ukinunua difu iliyotumika, ifunguliwe kifuniko cha nyuma mbele yako. Meno yawe na alama ya mgusano katikati, si ukingoni, na mchezo kati ya krauni na pinioni upimwe kwa geji: milimita 0.10 hadi 0.20. Sili zote badilisha ikiwa bado iko mezani, ni kazi ya dakika chache na chini ya gari itakuwa mateso.

Oili ni GL-5 ya 75W-90, lita moja hivi kwa R180. Kama LSD ni ya sahani za msuguano, hakikisha chupa imeandikwa kwamba inafaa LSD, la sivyo itatetemeka ukigeuza gari polepole. LSD ya sahani mpya niliizoesha kwa kuzunguka namba nane taratibu kwenye uwanja mtupu, kisha nikamwaga oili ile mapema. Fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia: ya juu ikigoma kufunguka na umeshamwaga, gari haliendi popote.