Ukifika Singapore na hela ya mawazo, tafuta ban mian

Kila mtu atakwambia Singapore ni ghali, na kwenye hoteli sibishi, ila kwenye msosi nakataa kabisa. Karibu kila mtaa una hawker centre, yaani banda kubwa la wazi, vibanda vya mama na baba lishe vimepangana, meza katikati, feni zinazunguka juu. Hawa zamani walikuwa wanauza barabarani, serikali ikawahamishia kwenye majengo yenye maji na mitaro kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 70, na mwaka 2020 UNESCO wakauweka utamaduni huo kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni. Hapo kwa dola 4 mpaka 6 hivi za kule unapata bakuli la ban mian na unashiba kweli.

Ban mian ni tambi za unga wa ngano, na ushauri wangu wa kwanza ni huu, usichukue zile bapa zinazopita kwenye mashine, mwambie akupe mee hoon kueh. Unga ni uleule ila huu unachunwa kwa mkono, anachukua donge limeshalala vizuri kama la chapati, analivuta kwa vidole gumba mpaka linakuwa jembamba kisha anachuna kipande kipande anatupia kwenye maji yanayochemka, harakaharaka, na kila kipande kinatoka na umbo lake, pembeni laini katikati kinavutavuta ukitafuna, mimi hapo ndo huwa sisikii la mtu. Kwa hiyo kabla hujapanga foleni chungulia jikoni, ukiona donge la unga na mtu analichuna pale pale, kaa hapohapo.

Utaulizwa supu au kavu. Mara ya kwanza chukua supu, maana yai linapasuliwa mle mle, halafu kuna majani ya sayur manis, uyoga, vitunguu vya kukaanga na juu kabisa ikan bilis, hao ni dagaa wa baharini waliokaangwa mpaka wanavunjika mdomoni, na ndio mara nyingi wanachemshiwa hiyo supu. Wewe uliyelelewa na dagaa utaielewa kwa kijiko cha kwanza tu. Usianze kupiga picha ukasahau kula, unga unanyonya supu na ukikaa unavimba unakuwa mzito.

Waislamu wenzangu, hapa makini sana. Ban mian ya kawaida ina nguruwe wa kusaga na kumwambia muuzaji asiweke nyama hakutoshi, sufuria ni lile lile na supu inaweza kuwa na mifupa yake. Tafuta kibanda chenye cheti cha halali cha MUIS, yaani baraza la Kiislamu la Singapore, kinabandikwa mbele kabisa, na ban mian ya halali ipo, inakuwa ya kuku au samaki.

Mchana wakati wa lanchi wafanyakazi wa maofisini wanajaa, nenda mapema au subiri saa nane. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza usikae, mwenyewe yuko foleni. Ukimaliza rudisha trei mwenyewe, tangu Septemba 2021 ukiiacha mezani unapewa onyo na ukirudia ni faini, na angalia rafu vizuri, sehemu nyingi vyombo vya halali vina rafu yake peke yake.