Tazama ule mlima nyuma yao

Miaka michache iliyopita nilirusha video ya mafuriko kwenye grupu la familia. Basi linasombwa, watu wanapiga mayowe, nami nikaandika juu yake: "Jangwani sasa hivi." Hazikupita dakika kumi, shangazi akaniuliza, "Baba, tangu lini magari ya Dar yanapita kulia?"

Sikuwa na la kujibu. Kwa kweli nilikuwa sijaiangalia barabara kabisa.

Hadi wakati huo filamu za makala nilizitazama kama tamthilia: napewa kisa, nahuzunika, nalala. Iliyonibadilisha ni Anatomy of a Killing, iliyotolewa mwaka 2018 na BBC Africa Eye, kitengo cha habari za uchunguzi cha BBC. Inachunguza video iliyosambaa Julai mwaka huo, askari wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili, mmoja yuko mgongoni, kisha wanawapiga risasi. Serikali ya Kamerun ilisema ni habari ya uongo. Wachunguzi hawakubishana nayo. Walichukua ukingo wa milima unaoonekana nyuma ya askari wakaulinganisha na picha za setilaiti, mpaka wakaangukia eneo la Zelevet, karibu na mpaka wa Nigeria. Majengo yaliyokuwapo na yaliyokuwa hayapo yakawapa miaka. Vivuli vya askari wakavifanya saa ya jua, vikawapa majuma: kati ya Machi na Aprili 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukikaa kutazama, shika karatasi, na kila wanapodai jambo andika "wamejuaje?" Ni hati? Ni mtu aliyekuwepo? Au ni muziki tu umepandishwa sauti? Muziki ukipanda, mimi hukaa macho zaidi.

Swali hilo hilo nililirudisha nyumbani. Nimekulia Mwanza, na ile filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper kuhusu sangara, Darwin's Nightmare, tuliibishania miaka mingi kabla yeyote kati yetu hajaiona. Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006. Nilipoitazama hatimaye, karatasi yangu iligawanyika. Mapanki, yale mifupa yanayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, yalikuwepo; hilo halihitaji ushahidi kwa mtu wa kwetu. Lakini kuhusu dai kwamba ndege zinazokuja kubeba minofu huleta silaha, unasikia maneno na unaona ndege, silaha zenyewe huzioni. Unaachiwa uunganishe mwenyewe. Filamu moja inaweza kukufundisha kweli katika dakika ya ishirini na kukuongoza kwa hisia katika dakika ya themanini.

Naona habari zinaelekea kwenye swali lile la karatasi yangu: "wamejuaje?" Sasa akili mnemba inatengeneza mtu anayezungumza, midomo inafuata maneno, na "chanzo chetu kimetuambia" haitamtosha mtazamaji. Mwandishi atalazimika kuonyesha ramani, saa, na video ilivyokuwa kabla haijakatwa. Sitegemei taarifa ya saa mbili usiku ifanye hivyo kila siku. Kazi ya milima ile inataka muda na fedha, na vyumba vyetu vingi vya habari havina hata nauli ya kumtuma mwandishi wilayani. Kijana anayeniuliza anunue kamera gani ili awe mwanahabari, humwambia aanze na Google Earth, ni ya bure. Atafute nyumba yao. Kisha achukue picha ya zamani ya harusi ya mtu na ajaribu kujua ilipigwa upande gani wa mtaa.

Juzi shangazi ametuma video ya simba akivuka barabara ya lami usiku. Chini ameandika: "Nani atuambie ni wapi?" Mpaka leo asubuhi tumekubaliana kuhusu nguzo za umeme tu.