Rozari ya Oktoba ipite nyumba kwa nyumba

Swali la wiki hii lilikuwa: kwa maisha ya mjini ya sasa, jumuiya zetu za majirani Wakatoliki ziendelee kusali Rozari ya mwezi Oktoba nyumba kwa nyumba, au kila familia isali kwake na tukutane Jumapili parokiani? Mimi nasema nyumba kwa nyumba. Nasema hivyo nikiwa mwanajumuiya wa Dar es Salaam, ninayeijua vizuri foleni ya Barabara ya Morogoro saa kumi na mbili jioni.

Papa Leo XIII alipoagiza mwaka 1883 Rozari isaliwe Oktoba nzima, alilenga hasa makanisa ya parokia. Huku kwetu imeingia hadi uani, na maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walitupa msingi walipoamua mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogondogo. Hata Matendo ya Mitume 2:46 inasema waumini wa kwanza walidumu hekaluni, tena wakimega mkate nyumba kwa nyumba. Walifanya yote mawili.

Misa ya kwanza ikiisha, wa Misa ya pili wameshajaa mlangoni, kila mtu anashika njia yake. Unaweza kukaa benchi moja na mtu miaka na miaka usijue anakoishi. Oktoba iliyopita tulisali kwa kijana dereva wa bajaji, mpangaji wa chumba kimoja. Sanamu ya Bikira Maria iliwekwa juu ya meza ya televisheni, mshumaa kwenye kisahani, wazee wakakaa kitandani. Wengine tulijipanga koridoni kwenye mikeka aliyotuazima jirani Mwislamu, ambaye pia alizima redio yake bila kuombwa. Matendo, yaani mafungu matano ya Rozari yenye Salamu Maria kumi kila moja, yalisalishwa na watoto. Katika tendo la nne binti mmoja alipotewa na hesabu, Salamu Maria zikapita kumi, na tuliitikia zote. Ulipofika wakati wa nia, mwenyeji alituomba tumwombee mkewe, amelazwa. Hatukuwa na habari! Kesho yake kina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wakapangana zamu za kupeleka chakula hospitali.

Najua Radio Maria inasalisha Rozari, na kwa wagonjwa na walio kazini usiku ni neema kubwa. Ila redio haiwezi kusikia kwamba mke wa jirani amelazwa.

Kinachoua desturi hii ni chai kuliko foleni. Mwenye nafasi akiwakaribisha watu kwa soda na maandazi, anayefuata naye anajiona analazimika, na wa chumba kimoja anaanza kusema ana safari. Nimewasikia kina mama wakisema wazi kwamba wanaogopa kupokea Rozari kwa kuwa hawana viti wala vikombe vya kutosha. Inaniuma sana mtu kukwepa sala ya jumuiya yake kwa sababu ya vikombe.

Kwa hiyo naomba viongozi wa jumuiya wakate shauri kabla ya Oktoba: mwezi mzima ni maji tu, hata kwa mwenye uwezo. Matendo matano, litania, nia, wimbo, watu wakapumzike. Na ratiba ianze na wapangaji wa chumba kimoja, sisi wenye sebule tufuate.