Zebaki ilivyoingia jikoni mwangu nikiwa mjamzito

Nilipobeba mimba ya kwanza tulikuwa tukiishi mkoani Geita, na mume wangu, kama wachimbaji wadogo wengi, alirudi jioni na kidonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, akakiweka kwenye kipande cha bati juu ya jiko lile lile la mkaa nililopikia ugali, ili zebaki igeuke mvuke ibaki dhahabu tupu. Mpepea moto nilikuwa mimi. Nilijihadhari sana nisiishike zebaki kwa mikono, kumbe nilikwepa hatari ndogo na kuikaribisha kubwa, kwa kuwa zebaki ikiwa kimiminika hupenya ngozi kwa kiasi kidogo tu, ilhali mvuke wake, usioonekana wala kunuka, ukivutwa pumzini takriban asilimia 80 huingia mwilini, kisha huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka.

Mwanangu alizaliwa na kilo 2.2. Sidai kwamba ni zebaki iliyompunguzia uzito, maana niliugua pia malaria. Ila kliniki niliulizwa kuhusu chandarua na vidonge vya kuongeza damu, wala hakuna aliyeuliza tunachoma nini nyumbani. Basi mwambie mkunga mwenyewe, tena mapema, hata kama unajisikia mzima. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki uliopewa jina la mji huo ulitambuliwa mwaka 1956, wako akina mama waliokula samaki wenye sumu wakabaki na dalili hafifu, huku watoto waliowazaa wakiwa na ubongo ulioharibika vibaya.

Samaki usiache kula, kwani mtoto anawahitaji. Pendelea dagaa kuliko sangara wakubwa, kwa sababu zebaki inayofika ziwani hulimbikizana zaidi katika samaki wakubwa wanaokula wenzao. (Krimu za kung'arisha ngozi nazo, baadhi yake zina zebaki, ziache kabisa.) Nguo za kazini zisiingie chumbani wala zisifuliwe pamoja na nepi.

Lililo gumu ni kumshawishi mwenye dhahabu aichomee mbali na nyumba, ndani ya kigida kinachonasa mvuke. Mimi nilipogundua nina mimba ya pili sikubishana naye. Nilikwenda kwa mama mkwe, akamwita mwanawe, wakazungumza peke yao. Tangu siku hiyo dhahabu huchomewa huko huko mwaloni, wanakoichenjulia, na lile jiko sijalipikia tena.