Re: Chemba inaziba kila mara, na thina iliyobaki niimwage wapi?

Habari ndugu. Umesema jiko lenu la biashara linamwaga mafuta yaliyotumika pamoja na maji ya moto na sabuni, lakini chemba ya nje bado inaziba. Pia umeuliza kama thina inaweza kupita humo humo.

Anza na mafuta. Fungua chemba uangalie kuta zake: ukiona utando mweupe mgumu kama nta, umepata jibu. Maji ya moto huyasukuma mafuta mbele kidogo tu, kisha mafuta yanapoa na kuganda, halafu vitambaa vinyevu vya kujifutia vinanasa hapo. London mwaka 2017 walikuta ndani ya bomba la majitaka bonge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 hivi na uzito wa tani 130. Kwangu kilichosaidia ni kufuta masufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, mafuta ya kukaangia kuyaweka kwenye dumu, na kusafisha mtego wa mafuta (kisanduku kinachonasa mafuta kabla maji hayajaingia kwenye bomba la majitaka) bila kungoja ujae. Mtego usiosafishwa haunasi kitu.

Thina hapana, hata kidogo. Mvuke wake hujikusanya ndani ya bomba na unaweza kulipuka, na kuna mafundi wanaoingia humo. Petroli ni vilevile. Asidi kali hula bomba la zege, na sumu huua bakteria wanaosafisha majitaka mtamboni.

Thina ifunge vizuri kwenye chombo chake, kisha uiulize mamlaka yenu ya majitaka inapokelewa wapi. Waulize pia kama biashara yenu inahitaji kibali.