Fowili ndogo ya mjini na porini: maswali yenu mwezi huu

Barua za magari zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, sijui ni mvua ama ni nini, kila mtu Nairobi sasa anataka kafowili kadogo, yaani gari dogo linalosukumwa na magurudumu yote manne. Nimechagua nne.

Mzee, habari ya kazi. Mimi naishi Rongai na kazi iko Industrial Area, kwa hivyo kila siku ni foleni kwenda na kurudi. Wikendi napenda kushuka Magadi ama Suswa na marafiki, na nyumbani ni Kinangop, mvua ikinyesha huko hata punda anasita. Nina bibi na watoto wawili. Mfukoni kuna milioni moja na laki moja, hiyo ndio yote. Nimebaki na tatu: Suzuki Jimny ya injini ya lita 1.3, Suzuki Escudo ya 2.0 na Mitsubishi Pajero iO. Beshte zangu kila mmoja na lake, nisaidie kabla nipasuke kichwa.

Ndugu yangu wa Rongai, beshte zako wanakushauri juu ya Jumapili moja kwa mwezi, mimi nataka tuongee juu ya zile siku zingine zote. Na kabla ya injini wala tairi, hesabu viti. Jimny ni ya watu wanne, wanne kabisa, na hao wanne wakiingia buti inabaki ya kuweka mkate na gazeti. Sasa wewe na mama na watoto wawili mnaenda Kinangop Disemba, nyanya anawafungia gunia la viazi na kabeji sita, hiyo gunia utaibeba kichwani? Utaweka keria juu, na gari fupi yenye mzigo juu kwenye zile kona za kupanda ni kitu sitaki kuona.

Lakini nisiidharau Jimny maana kwa matope na mawe ni mnyama. Ina chasisi yake ya ngazi chini, ekseli nzima mbele na nyuma, ni nyepesi, ni fupi, na ina gia ndogo ya nguvu, ile tunaita fo-lo. Mahali gari kubwa inazama hii inapita juu juu kama kuku. Shida ni barabara. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na watu wa Nairobi tunasahau kwamba tunaishi mita 1,700 hivi juu ya bahari. Jimny ya 1.3 ina farasi 88 kwenye karatasi, ukifika Kinangop kwa mita 2,500 hivi zimebaki kama 66, hao wengine wameachwa njiani wakila nyasi. Na ukitoka Magadi kurudi Kona Baridi unapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, watu wanne ndani na ac imewashwa, utakuwa nyuma ya lori la magadi soda ukiimba nyimbo zote unazojua. Ile Jimny ndogo ya injini ya 660 yenye turbo haisikii sana urefu wa milima lakini kwa barabara kuu injini inalia muda wote, kwa familia mimi siishauri.

Kitu kingine cha Jimny, fowili yake ni ya kuweka na kutoa, haina difu ya katikati, zile gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka mwendo tofauti. Ukiiweka kwa lami kavu ukakata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kuzunguka mwendo tofauti na hayawezi, kitu kinajikaza huko chini na kinaweza kuvunjika. Kwa hivyo lami ni tuwili, yaani magurudumu mawili tu yanasukuma, fowili ni ya matope na mchanga basi.

Escudo, hasa ile ya kuanzia 2005, imekaa tofauti. Fowili yake inafanya kazi wakati wote maana ina difu ya katikati, unaweza kuifunga hiyo difu ukiingia matope, na bado kuna fo-lo. Mvua ya asubuhi kwa Langata Road huna haja ya kubonyeza chochote. Injini ya 2.0 inatumia cheni badala ya mkanda, farasi ni 140 na kitu, mafundi wanaijua vizuri na spea ziko tele Grogan, kule kwa maduka ya spea mjini. Ubaya wake ni kinywaji. Kwa foleni ya Rongai usitegemee zaidi ya kilomita 8 hivi kwa lita, Jimny itakupa 11 kwa dereva mpole. Na miguu yake kila gurudumu linajitegemea, kwa hivyo kwa mawe makubwa itainua tairi hewani mahali Jimny bado imekanyaga chini.

Pajero iO ni rahisi kununua, ndio maana iko kwa orodha yako, sivyo? Mfumo wake wa fowili ni mzuri kweli, nikisema ukweli ni wa kuonea wivu, unaweza kuendesha fowili hata kwa lami na fo-lo iko. Tatizo ni ile injini ya GDI, inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inakusanya masizi kwa njia ya hewa, pampu yake ya presha haipendi mafuta machafu, na tunajua petroli ya vituo vingine vya njiani ilivyo. Pia ina mkanda wa taimingi, usipojua ulibadilishwa lini hesabu umenunua na mkanda. Kuna watu wana iO safi na hawana neno, lakini hao wana fundi wao mmoja anayeijua GDI na wanamshika kama mchumba. Huna huyo fundi? Iache.

Kwa hivyo mimi nasema Escudo, na usimalize hiyo milioni na laki moja kwa gari. Bakisha laki na nusu hivi ya tairi, shokabzoba, bushi na mafuta ya difu zote na ya transfa, ile gia-boksi ndogo ya fowili, maana aliyekuuzia hakuyabadilisha, amini usiamini. Escudo ya laki tisa na nusu iliyotunzwa ni bora kuliko ya milioni na laki yenye rimu za kung'aa.

Mzee pole kwa kukusumbua. Mimi ni msichana niko peke yangu, sina watoto, nimepata Jimny ya 1.3 kwa yadi Ngong Road na muuzaji anasema ni safi, imetoka Japan juzi tu. Naangalia nini? Sitaki kuletewa hasara kwa sababu mimi ni mwanamke.

Dada, kwa mtu mmoja Jimny ni chaguo sawa kabisa, hapo hatugombani. Lakini hiyo "imetoka Japan juzi" niichokonoe kidogo. Hiyo ya 1.3 ni umbo la zamani, liliacha kutengenezwa 2018, na sheria yetu haikubali gari iliyozidi miaka 8 kuingia nchini. Nyingi utakazoona zimeshakula muramu ya hapa. Si vibaya, ila asikuuzie hadithi. Ingia eCitizen utafute hiyo namba ya gari kwa NTSA, ile mamlaka ya usajili wa magari, jina la kwenye logbuku lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, na kusiwe na benki inaidai.

Halafu lala chini. Ndio, beba leso utandike. Gonga chasisi na spana ndogo, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya mkate mkavu, na magari yaliyoishi kwenye theluji Japan yalitembea juu ya chumvi kwa hivyo usidanganywe na bodi linalong'aa. Angalia nyuma ya magurudumu ya mbele kuna bonge la mviringo la chuma, likitapakaa grisi sili zimekwisha, na grisi ikiisha matope yanaingia kwa beringi.

Iendeshe mpaka 80. Stiringi ikianza kutetemeka kama mtu ana malaria, hapo ni beringi za kingipini (zile za ndani ya hilo bonge la chuma), bushi ama tairi hazijabalansiwa, na ukiona wameweka dampa mpya ya stiringi kwa gari ambayo kila kitu kingine ni kizee jiulize wanaficha nini.

Mwisho tafuta mahali pa nyasi ama muramu, weka fowili, kata stiringi yote na utembee pole pole. Gari inafaa kujikaza, kama inakataa kuzunguka. Ikizunguka laini kama iko tuwili basi gurudumu za mbele hazishiki, na kwa hizi za kuweka fowili kwa kubonyeza kitufe mara nyingi ni mipira ya hewa, zile paipu nyembamba za kushikisha magurudumu ya mbele, imepasuka na taa ya fowili inawakawaka kwa dashibodi bila kutulia. Mipira si ghali. Lakini bei ishuke, na useme hivyo ukiwa bado umeshika ufunguo. Nenda na makanika wako wewe, si yule anayekaa nje ya yadi akingoja kukusaidia.

Habari mkuu, naishi Kitengela ndani ndani. Gari yangu imeandikwa 4WD nyuma lakini mvua ya Aprili nilikwama mita mia mbili kutoka kwa geti langu, nikavutwa na trakta. Nilidanganywa?

Haukudanganywa, ila hukuambiwa yote. Gari nyingi za mjini zenye hayo maandishi zinaendeshwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma yanaitwa yakiwa yameshachelewa, na hakuna fo-lo. Kwa muramu yenye mvua inatosha. Kwa ule udongo mweusi wa Kitengela hata fowili ya kweli yenye tairi za lami inakwama, maana ule udongo unajaza meno ya tairi mpaka inakuwa mandazi manne yanateleza. Kabla uuze gari weka tairi za ol-teren, na siku ya mvua punguza upepo kidogo halafu usikanyage mafuta kwa hasira, mwendo mmoja tu bila kusimama. Ukirudi lami jaza upepo tena. Na kama mko majirani kumi kwa hiyo barabara, lori chache za muramu mkichangishana zitakusaidia kuliko gari mpya.

Mzee, nimenunua Escudo, niinue inchi mbili?

Umeshakwama nayo mara ngapi? Kama ni sufuri, nunua kamba nzuri ya kuvuta na koleo, halafu uniandikie tena mwakani.