Mnaoanza kusoma tanzia, msiandike "kiburi" kwa kila baba

Kwa nyie mnaoanza kozi ya tamthilia mwaka huu, najua lile swali la kulinganisha mababa wa tanzia, yaani tamthilia zinazoishia kwa maafa, na kasoro zao litawafikia tu, kama halijawafikia tayari, kwa hiyo naomba niwape kitu ambacho mimi nilikaa karibu mwaka mzima bila kukijua. Neno kiburi liwekeni pembeni mpaka muwe mmesoma tamthilia yenyewe mara mbili, na nasema tamthilia yenyewe, sio muhtasari.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika kurasa sita za Lear, yule mfalme wa Shakespeare, na Creon, mtawala kwenye Antigone ya Sophocles. Nikasema Lear ana kiburi, Creon ana kiburi, wote wameanguka kwa kiburi, basi wanafanana, nikakabidhi. Kazi ikarudi na kalamu nyekundu sehemu moja tu, "Anakosea wapi? Nionyeshe." Nilirudi kwenye kitabu kutafuta huo mstari nikagundua siwezi kuonyesha, maana watu wenye kiburi wako tele mtaani kwetu na watoto wao wazima, kwa hiyo kiburi peke yake hakijaeleza kwa nini huyu mtoto wa Creon amekufa leo.

Kilichonisaidia ni neno lenyewe. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kasoro hiyo ya mhusika aliiita hamartia, na neno hilo linatokana na kitenzi ambacho Wagiriki walikitumia hata kwa mtu aliyerusha mkuki ukapita pembeni. Sasa sisi wa Kiswahili tuna bahati jamani, maana mtoto akirusha jiwe likapita embe tunasema amekosa, na mtu mzima akitenda kosa tunasema amekosa, kitenzi kilekile. Basi ukiulizwa kasoro ya baba usikimbilie tabia yake, uliza alikuwa analenga nini, akakosa wapi, na alichorusha kikampata nani. Mara nyingi kimempata mtoto.

Tuchukue Creon. Antigone ya Sophocles ilichezwa Athens karibu mwaka 441 KK, na wengi wanamsoma Creon kama mtawala tu wanasahau kwamba ni baba. Kapiga marufuku maiti ya Polynices isizikwe, Antigone kamzika kaka yake hivyohivyo, na huyo Antigone ndo mchumba wa Haemon, mtoto wa Creon. Haemon anakuja kwa adabu kabisa, anaanza kwa kusema baba mimi ni wako, halafu anamwambia miti ya kando ya mto mafuriko yakija, ule unaoinama unabaki na matawi yake, ule unaokaza unang'oka na mizizi. Baba anajibu, watu wa umri wetu ndo tufundishwe na kijana wa umri huu? Hapo mnaandika kiburi mnafunga, mimi pia nilifunga hapohapo. Lakini endeleeni mbele! Nabii Tiresias akishamtisha, Creon anakubali kugeuka, kiburi kimeisha, na bado mtoto anakufa. Kwa nini? Wazee wa kwaya, lile kundi la wazee wa mji linaloimba na kushauri jukwaani, wamempa mpangilio, kamtoe binti pangoni ulikomfungia halafu ukamzike maiti. Yeye kaanza na maiti. Wameosha mabaki, wamechoma, wamejenga kilima cha udongo, yote kwa heshima zake, ndo wanaenda pangoni wanakuta Antigone kajinyonga, Haemon amemkumbatia kiunoni analia, anamtemea baba mate usoni, anachomoa upanga, baba anakwepa, kijana anajichoma mwenyewe. Mama yake, Eurydice, akisikia naye anajiua. Kwa mimi kosa la Creon liko kwenye ule mpangilio. Hata akitubu anaanza na mambo ya mji na miungu, ya mtoto yanafuata, na siku hiyo hayakuwa na muda wa kufuata.

Lear sasa, huyu nampenda kuliko wote na ndo anayeandikwa vibaya kuliko wote. Mzee wa miaka themanini na zaidi anagawa nchi mafungu matatu na kuwauliza mabinti nani anampenda zaidi. Cordelia, yule mdogo, anasema hana la kusema, anafukuzwa bila mahari. Kila mtu anaandika kuhusu onyesho hilo la kwanza, sawa, lakini nendeni sehemu ya pili kwenye ugomvi wa walinzi. Lear alijibakizia wapiganaji 100. Binti yake mkubwa, Goneril, kawapunguza wawe 50, mzee kakimbilia kwa binti wa pili, Regan, Regan anasema njoo na 25. Na hapo Lear anamgeukia tena yule yule Goneril aliyetoka kumlaani, anamwambia nitaenda na wewe, hamsini zako ni mara mbili ya ishirini na tano, kwa hiyo mapenzi yako ni mara mbili ya yake. Someni hiyo sentensi taratibu. Ameshapoteza ufalme kwa kupima mapenzi kama nafaka sokoni na bado anapima, kipimo kilekile! Alikuwa analenga kupendwa, akapiga hesabu.

Ukishaona hivyo utagundua Lear na Creon wala hawafanani sana. Anayefanana na Lear yuko mbali, ni Willy Loman wa Arthur Miller, Marekani, 1949, muuzaji wa kusafiri asiye na ufalme wowote. Mtoto wake Biff akiwa bado shule kafeli hesabu, kasafiri mpaka Boston kumwomba baba aongee na mwalimu, kamkuta hotelini na mwanamke, na yule mwanamke anadai soksi zake ndefu alizoahidiwa, wakati nyumbani Linda, mke wa Willy, anashona zake zilizotoboka. Kinachomtoka Biff ni kwamba umempa soksi za mama. Miaka inapita, usiku wa mwisho Biff analia mikononi mwa baba na Willy anashangaa kweli kweli kwamba mtoto anampenda. Kapewa alichokuwa anakitafuta maisha yote, mkononi, bure. Anafanya nini? Anatoka na gari akafe ili Biff apate dola 20,000 za bima. Kabadilisha mapenzi kuwa fedha dakika ileile aliyoyapata. Hapo ndo pa kulinganisha na ile hamsini na ishirini na tano, na ukifanya hivyo hutahitaji kurasa za wasifu wa mhusika.

Anayeona Wagiriki wagumu kwa Kiingereza atafute Mfalme Edipode, tamthilia nyingine ya Sophocles kwa tafsiri ya Samuel Mushi, asome mwisho pale mfalme aliyejitoboa macho anaomba awaguse mabinti zake.

Mimi siku hizi nikiandika kuhusu Lear naanzia mwisho, narudi nyuma. Yule aliyedai theluthi ya nchi ipimwe kwa maneno ya mapenzi sasa ameketi na Cordelia amekufa mikononi mwake, na anachoomba ni mtu amfungulie kifungo kimoja cha nguo. Wanamfungulia. Anasema asante bwana.